Kiti cha Lipiko

Kinyago cha kwanza kilianguka siku ya pili, saa nane mchana, na hakuna mtu aliyekuwa amekigusa. Tulikuwa uani tunakula muhogo wa kuchemsha, tukasikia kishindo chepesi ndani, kama kibuyu kikidondoka sakafuni. Fundi ndiye aliyewahi kufika. Kinyago kilikuwa kimelala kifudifudi, mdomo wake wa juu umechubuka upana wa ukucha wa kidole kidogo. Stendi niliyoichora mimi, kwa rula na penseli iliyochongwa vizuri, ilikuwa imelala ubavuni mwake.

Kazi yangu ni kuandika maandiko ya miradi. Nimeifanya kwa miaka mingi, na najua kupanga shughuli, muda, bajeti na viashiria mpaka jedwali likasimama. Mradi huu ulikuwa mdogo kuliko yote niliyowahi kuishika: stendi 6 za kuwekea vinyago 6 vya ngoma, zitengenezwe nyumbani, kwa fedha ya wanachama wa kikundi cha ngoma wenyewe, katika kijiji cha wakwe zangu wilayani Newala. Niliupangia siku 10. Ulichukua miezi 7.

Kwanza nieleze vinyago vyenyewe, maana hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma. Upande wa Msumbiji, kwenye uwanda wa Mueda, kinyago cha ngoma ni kichwa kizima cha mti kilichochongwa kikawa wazi ndani. Mchezaji anakivaa kichwani kama anayejifunika chungu, na anaona njia kupitia mdomo wa kinyago. Hilo ndilo lipiko, na yakiwa mengi ni mapiko. Upande wetu wa Tanzania, kinyago cha ngoma ya midimu kinafunika uso peke yake. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alikusanya huku vitu vingi vya Wamakonde vikapelekwa Leipzig. Kisha miaka ikaenda, watu wakavuka mto kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakavuka wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, na mapiko yakavuka nao. Ndiyo maana sanduku la kikundi chetu lilikuwa na mapiko 4 na vinyago vya uso 2. Mimi katika andiko langu niliandika "vinyago 6", nikachora stendi ya aina moja.

(Sitaviita barakoa. Neno hilo pwani lilikuwa la kifuniko cha uso cha wanawake, na tangu korona limehamia kwenye kitambaa cha mdomo. Kinyago cha ngoma kina jina lake.)

Sababu ya mradi ilikuwa ya kweli. Vinyago vilikuwa vinakaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda cha mwenyekiti wa kikundi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimefungiwa gunia. Mti wa kuchongea lipiko ni mti laini na mwepesi, kwani atakayelivaa atacheza nalo juani kwa saa nyingi, na mti laini wadudu wanaupenda. Kila sanduku lilipofunguliwa, chini palikuwa na unga mweupe wa kubunguliwa. Nywele za kichwani mwa mapiko, ambazo ni nywele za binadamu zilizopachikwa, zilikuwa zinabaki kwenye gunia. Lipiko kongwe kuliko yote lina mistari ya chale iliyotandazwa kwa nta ya nyuki, na nta hiyo, kwa joto la chumba cha bati, ilikuwa imeanza kulainika na kushika nyuzi za gunia. Vinyago vile vilihitaji kutoka chini ya kitanda.

Nilichora nikiwa Dar es Salaam, mbele yangu nina picha 6 za simu alizonitumia shemeji yangu. Kitako cha ubao, sentimita 15 kwa 15. Nguzo ya nondo ya milimita 8, imechomelewa kwenye bamba la chuma. Juu ya nguzo, tonge la sponji ya godoro. Ubao wote upigwe vanishi mara mbili. Mchoro ulifanana na stendi nilizowahi kuona kwenye makumbusho, na wanakikundi walipouona kwenye simu waliusifu. Picha zote 6 zilikuwa zimepigwa kwa mbele.

Baada ya lipiko kuanguka, Mzee, ambaye ndiye mlezi wa ngoma ile, aliliokota, akalipuliza vumbi, akaligeuza juu chini akanikabidhi. "Mkwe," aliniambia, "tia mkono."

Nikatia mkono. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo, ingawa nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa 9 kuhusu vinyago hivyo. Ndani mlikuwa na alama za shoka dogo, moja baada ya nyingine, zimezunguka kama magamba ya samaki. Utosini, mahali pa kukaa kichwa, mti ulikuwa mweusi na laini kama mpini wa jembe la zamani, kwa jasho la wachezaji waliolivaa mmoja baada ya mwingine. Pembeni palikuwa na kipande cha kitambaa alichokipachika mchezaji fulani mwenye kichwa kidogo ili lisimchezecheze. Na pale utosini, katikati ya weusi ule, vidole vyangu vikakuta mchubuko mpya, mweupe, mkavu. Ncha ya nondo ilikuwa imetoboa sponji kwa usiku mmoja ikagusa mti. Kovu lile ni langu na litabaki humo.

Fundi seremala alikuja na jibu kuhusu kuanguka kabla mimi sijauliza. Alilishika lipiko kwa kidole kimoja utosini akaliacha lichague lenyewe. Likainamia mbele. Uzito wote wa lipiko uko usoni: pua, kidevu, na ule mdomo wa juu uliotokeza pamoja na ndona yake, lile pambo la mdomoni. Nyuma ni ganda jembamba. Nguzo yangu ilikuwa katikati kabisa ya kitako, kwa hiyo uso wote ulikuwa unaning'inia nje, na upepo mdogo wa mlangoni ulitosha kumaliza kazi. Yeye akachukua ubao wa mkongo uliobaki kwenye mlango wa mtu, ubao mzito, akakata kitako cha sentimita 30 kwa 25, na nguzo akaipachika nyuma, sentimita 10 kutoka ukingoni, ili uso wa lipiko uwe juu ya katikati ya kitako. Nondo akaitupa. Nguzo ikawa ya mti, na akaichonga kwa mshazari kidogo, kwa sababu lipiko halivaliwi wima kama kofia ya askari. Linakaa limeinuka, kama mtu anayemtazama aliye mlimani, na bila mwinuko huo mchezaji haoni njia mdomoni.

Ikabaki shida ya kichwa. Sponji ya godoro nilikwisha kuikataa, si kwa ajili ya ile nondo tu. Kila mwenye kochi la zamani anajua sponji inavyogeuka njano, ikanata, halafu ikawa unga. Tukajaribu tonge la matambara, likawa linabonyea upande. Tukajaribu kuchonga kichwa cha mti mzima, kikawa kizito mno juu. Tulikuwa tunabishana uani, vinyago vimefungiwa ndani, mama mkwe wangu anachambua mboga upande wa jikoni. Kwa heshima yetu sisi wawili hatusemeshani moja kwa moja, basi alimtuma mjukuu wake. Mtoto akaja na kibuyu kilichovunjika shingo, kisichofaa tena maji. "Bibi anasema, kama mnatafuta kichwa, hiki hapa."

Kibuyu kina uduara wa utosi wa mtu, ni chepesi, na ni kigumu. Fundi alikikata chini, akakivalisha juu ya nguzo aliyoitanua kama uyoga, nasi tukakizungushia pamba na kukifunika kwa merikani iliyofuliwa mara tatu mpaka haikutoa wanga wala rangi. Tulipoliweka lipiko juu yake lilikaa kimya. Uzito wake ulienea kwenye utosi wote, pale pale penye weusi wa jasho. Tulitafuta vibuyu vingine vitatu nyumba kwa nyumba, maana kila lipiko lina kichwa chake, na tulipima kwa kamba kama fundi cherehani anavyopima kofia.

Vinyago vya uso vilitaka kitu kingine kabisa. Mwanzoni vijana walivitundika ukutani kwa matundu ya pembeni, yale ya kupitishia kamba. Matundu yale ni ya kubeba uzito kwa muda wa ngoma. Yakibeba miaka kwenye msumari, ukingo unapasuka, na kinyago kimoja tayari kilikuwa na ufa uliotoka tunduni kuelekea shavuni. Hapo fundi alikwenda jikoni akarudi na mbuzi ya kukunia nazi. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Zile mbao mbili zinazopishana ndizo alizoiga: ubao mrefu wa nyuma wa kuegemeza kinyago, ubao mfupi wa mbele wenye vijiti viwili vilivyozungushiwa pamba vya kukishika chini ya kidevu. Kinyago kinaegemea, hakining'inii. Na siku ya safari, stendi inakunjwa inaingia mfukoni mwa begi. Sikuwa nimefikiria safari hata kidogo.

Vanishi nayo ilitufundisha kwa hasara. Kitako cha kwanza kilipigwa Jumamosi, kikaonekana kimekauka Jumapili, tukakitumia. Baada ya siku 3, tulipoliinua lile lipiko kongwe, kipande cha mstari wa nta, urefu wa punje ya mchele, kilibaki kwenye ukingo wa ubao ambako kidevu kilikuwa kimegusa. Vanishi mbichi hutoa mvuke kwa majuma kadhaa hata kama haishiki mkono tena, na nta ya nyuki hulainika kwa joto dogo tu. Tulisugua vitako vyote kwa msasa mpaka vikarudi mti mtupu. Vimebaki hivyo.

Kuhusu muda sina mengi. Niliandika Novemba kwa sababu Novemba nina likizo. Uwanda wa Newala Novemba ni korosho: watu wako mashambani wanaokota, wanabangua maneno ya bei kwenye chama cha msingi, wanasubiri mnada. Fundi wangu ana mikorosho yake. Mbao zilikatwa, zikalala, mvua zikaanza, kazi ikarudi mwezi wa Februari. Katika taarifa za utekelezaji tumezoea kujaza safu ya changamoto kwa maneno "ufinyu wa bajeti" na "mwitikio mdogo wa jamii". Mwitikio ulikuwepo. Kalenda yangu ndiyo iliyokuwa ya mahali pengine.

Mikoa hii ya kusini ina kumbukumbu ya mpango uliotazamwa kwa mbele tu. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa ya ardhi wakiiangalia kutoka kwenye ndege, na kutoka hapo ukazaliwa mpango wa karanga wa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, pamoja na Kongwa na Urambo. Kongwa udongo ulipokauka uligeuka kama saruji, majembe ya matrekta yakavunjika, mvua haikuja kama ilivyohesabiwa. Mpango ulifutwa mwaka 1951, pauni takriban milioni 36 zimekwenda. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa baadaye. Bandari ya Mtwara ilibaki, na korosho zetu zinapita humo hadi leo. Siulinganishi mradi wa vibuyu 4 na ule kwa ukubwa. Nalinganisha mkono ambao haukuingizwa ndani, udongo ambao haukuchimbwa kiangazi.

Kazi ya ubao ilikwisha mwishoni mwa Machi. Nikadhani mradi umekwisha. Andiko langu lilisema stendi zikae sebuleni kwa mwenyekiti, zikitazama mlango, ili wageni wavione vinyago na ikiwezekana watalii wafike. Mzee alisikiliza nikimsomea, kisha akauliza swali ambalo lilisimamisha kila kitu.

"Mtoto wa kiume akikua analiona lipiko pale sebuleni kila anapokwenda kunywa maji, miaka kumi, jandoni tutamwonyesha nini?"

Kwa asili, lipiko si mtu. Linapotokea uwanjani, wanawake na watoto wanalikimbia, na hawapaswi kujua ni nani aliye ndani. Kijana anayeingia jando ndiye anayefunuliwa: lile lililomtisha utoto wake wote ni mti, na ndani yake yumo mjomba wake. Kufunuliwa huko ni sehemu ya kukua. Stendi yangu, kwa kuliweka lipiko tupu mbele ya kila mpita njia, ingemaliza jambo hilo kimyakimya bila mtu yeyote kuamua limalizwe. Ningekuwa nimeokoa mti na nywele na nta, nikapoteza kile ambacho mti ule ulichongwa kwa ajili yake.

Vijana hawakukubali haraka. Walisema zama zimebadilika, mapiko yanapigwa picha kila mahali, watoto wanayaona kwenye simu, na kikundi kinahitaji kujulikana ili kialikwe. Walikuwa na haki yao. Kikao kilirudiwa mara tatu. Sikusema kitu katika viwili vya mwisho, na nadhani huo ndio mchango wangu bora katika mradi mzima. Uamuzi uliofikiwa ni huu: vinyago 6 vinakaa chumba cha ndani kisicho na dirisha la jua, stendi zikiwa zimefunikwa kwa pazia la kaniki, na funguo ziko mbili kwa watu wawili. Sebuleni iwekwe stendi ya 7, yenye lipiko jipya lililochongwa na kijana wa kikundi, ambalo halijawahi kuchezwa na halitachezwa. Mgeni analiona hilo, anapiga picha, anaelezwa. Sebule haina siri ya mtu.

Kaniki ile imefanya kazi ambayo sikuipanga. Inazuia mwanga unaochujua rangi na inazuia vumbi. Anayelifunua pazia kila Ijumaa ili kupangusa analazimika kuvitazama vinyago kimoja kimoja, na kwa njia hiyo tulikamata unga mpya wa wadudu kwenye kinyago kimoja cha uso kabla haujafika mbali.

Jambo la mwisho tulilofanya ni daftari. Wanakikundi wengi hawakuona umuhimu wake mpaka nilipowasimulia kisa ambacho kila Mtanzania mwenye kinyago nyumbani angepaswa kukijua. Mwaka 1984 vitu viliibiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwemo kinyago cha Kimakonde. Kinyago hicho kikaishia katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Enrico Castelli, alikitambua. Kilirudishwa Tanzania mwaka 2010, miaka 26 baada ya kuibiwa. Kilitambulika kwa sababu kulikuwa na watu wanaokijua na mahali palipojulikana kuwa ni pake. Kinyago kilichokuwa chini ya kitanda, hakina picha, hakina kipimo, hakina namba, kikiondoka hakuna wa kukidai.

Basi kila stendi imechongwa namba kwenye kitako, 1 mpaka 6. Kwenye kinyago chenyewe hatukuandika kitu. Ndani kimefungwa kijitambaa cha pamba chenye namba ileile kwa uzi. Daftari lina picha ya mbele, ya nyuma na ya ndani, urefu na upana, kila ufa ulipo, jina la mchongaji pale linapokumbukwa. Kovu la nondo limeandikwa, na mwezi lilipotokea. Mzee hataki neno stendi. Yeye anaita "kiti", na kiti kisicho na mwenyewe, anasema, kinaonekana hata gizani.

Ukiwa na kinyago kwenu, cha babu au cha kununua kwenye soko la vinyago la Mwenge, kigeuze leo utazame ndani kabla hujamwita fundi. Mengi ya mchoro yatatoka humo.

Ninaandika haya wiki ya pili ya Juni, shule zikiwa zimefungwa na ngoma zikiwa zimeanza. Asubuhi nilifunua pazia pamoja na mwenye funguo. Viti namba 1, 3 na 4 viko wazi. Daftari linasema vinyago vyake vimetoka Ijumaa na vinarudi Jumatatu.